Hita ya Tangi la Samaki Kwenye Inveta: Umeme Ukikatika Usiku

Habari zenu wapenzi wa samaki. Tuko Arusha, mwezi wa saba, baridi yake mnaijua. Humu mna lita 100 za maji na samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea nyuzi 25 hivi. Umeme ukikatika usiku wa manane, hita nayo kwisha. Twende kazi.

Hesabu kwanza. Hita hii ni wati 100. UPS ndogo za kompyuta, yaani vile visanduku vya betri vinavyoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nyingi zina betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7. Zidisha: wati-saa 84, na bado hujatoa zinazopotea njiani. Hita ikiwaka mfululizo, saa moja haifiki! Ndiyo maana mimi napenda betri ya volti 12, Ah 100 na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Betri ya asidi usiinyonye kupita nusu, utaiua mapema. Nusu yake ni wati-saa 600; ukitoa zinazopotea njiani unabaki na 500 hivi, yaani saa tano za hita kuwaka bila kupumzika, na yenyewe hujizima maji yakishapata joto.

Dukani ulizia inveta ya "pyua saini", inayotoa umeme laini kama wa ukutani. Hita haichagui, ila pampu ya hewa kwenye zile za bei rahisi huunguruma na kupata moto, na mimi kelele chumbani siitaki.

Kuunganisha: nyekundu chanya, nyeusi hasi, fyuzi iwe jirani kabisa na chanya ya betri. Betri isifungiwe kwenye kabati chini ya tangi, maana ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iweke pembeni, penye hewa.

Sasa hapa naomba mtulie. Ukishafunga inveta, nyumba kuwa giza hakumaanishi hita imezima. Mtu anasema, "Umeme si umekatika? Ngoja nibadilishe maji." Hita iko hai! Sogeza kamera. Mnauona huu mstari kwenye kioo cha hita? Maji yakishuka chini yake, kioo kinapata moto hewani. Ukimwagia maji ya baridi kinapasuka, na mkono wako uko majini. Chomoa plagi. Subiri dakika 20 ipoe. Ndipo upunguze maji. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, chomoa!

Ngoja, ngoja, rudisha kamera kwenye waya. Hilo tone linateremka na waya kuelekea kwenye soketi. Hapana, hatuendelei. Nachomoa... nakausha... sasa waya naulegeza, uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena. Tone likifika hapa kwenye tumbo la waya linaanguka sakafuni. Ekstensheni nayo isilale chini, ipigilie ukutani.

Betri ikielekea kuisha, chomoa hita, bakiza pampu ya hewa. Inakula wati 3 tu, na samaki hufa kwa kukosa hewa kabla ya baridi haijawamaliza. Zungushia tangi blanketi, juu uache wazi.

Tujaribu. Nazima swichi kuu... taa ya hita inawaka, mapovu yanapanda. Safi! Nataka kupunguza maji sasa, kwa hiyo mkono wangu unaenda wapi kwanza? Kwenye plagi.

Mwenye tangi kubwa kuliko hili aandike hapo chini lita zake na wati za hita, nitampigia hesabu ya betri.