Unene Ndio Unaoumbua: Nyumba ya Kivictoria kwa Reli ya Modeli

Asanteni kwa kufika. Leo tunajenga nyumba moja tu: nyumba ya mbao ya mtindo wa Queen Anne, ya aina iliyoenea katika miji midogo ya Marekani kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tunaijenga kwa skeli ya HO, yaani moja kwa 87, ikae kando ya reli. Mita moja ya kweli inakuwa milimita 11.5 mezani. Ramani za Kimarekani zimeandikwa kwa futi, na hapo mambo ni mepesi zaidi: futi moja ni milimita 3.5 kamili.

Anayeiona nyumba hii mara ya kwanza huvutwa na nakshi. Kuna baraza linalozunguka pande mbili, mnara wa pembe nane, vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki, vinguzo vya kuchongwa. Anadhani ugumu wote uko huko. Wala hauko huko. Nakshi nyingi zinauzwa tayari, na hata enzi zile ziliuzwa tayari. Fundi wa mji mdogo hakukaa akichonga nguzo za baraza kwa mkono. Zilitengenezwa kwa mashine viwandani, mteja akazichagua kwenye katalogi, zikaja kushushwa stesheni. Kwa hiyo hakuna jengo la kuishi linalostahili kukaa kando ya reli ya modeli kuliko hili. Bila behewa la mizigo lisingekuwa na sura hiyo.

Kinachoiangusha nyumba ya modeli ni unene. Shikeni kipande hiki cha plastiki ya stireni, mpitishiane. Unene wake ni milimita 1. Kwa kidole ni chembamba, kinapinda ukikibonyeza. Sasa kizidisheni kwa 87: sentimita 8.7. Ukikifanya paa bila kukinyoa ukingo, umemwekea mwenye nyumba paa la zege. Ubao halisi wa kuziba ukingo wa paa una unene wa sentimita 2 hadi 2.5, ambao kwa HO ni kama robo ya milimita. Mtazamaji hatapiga hesabu hiyo. Atasema tu kwamba nyumba inafanana na ya kuchezea watoto, asijue kwa nini.

Tuanze na kuta. Nyumba ya mita 8 kwa 11 inatupa milimita 92 kwa 126. Chumba cha chini kina kimo cha futi 10, sawa na milimita 35. Cha juu futi 9, milimita 31.5, weka milimita 3.5 za sakafu kati yake, na ukuta wote unafika milimita 70 juu ya msingi. Msingi wenyewe ni sentimita 75, milimita 8.6, na ngazi nne za kupanda barazani zinagawana kimo hicho, kila moja milimita 2.15.

Bao za ukuta zenye mistari ya mbao zilizolaliana zinauzwa madukani. Chagua zenye nafasi ya milimita 1.2 hivi kati ya mstari na mstari, ambayo ni inchi 4 za kweli. Kata kuta zote nne ukipimia kutoka mstari mmoja wa chini. Ukuta mmoja ukipanda hata nusu ya ubao, mistari haitakutana kwenye pembe. Ule ubao wima wa pembeni utaficha kiungo, lakini hautaficha mistari iliyopishana.

Matundu ya madirisha yakatwe kabla ya kuunganisha kuta. Toboa kwanza kwenye kila pembe ya tundu kwa keekee ndogo, kisha kata kutoka pembe kuelekea katikati ya upande, usikate kutoka katikati kuelekea pembe. Kisu kikiteleza kitaishia kwenye sehemu ya kutupwa. Madirisha ya wakati ule ni marefu na membamba: milimita 9 kwa 21 ni kipimo kizuri. Wengi hukosea kwa kuyafanya mapana kama ya nyumba za leo, na hapo nyumba nzima inapoteza umri wake.

Ndani ya kuta bandika vijiti vya kuimarisha, milimita 3 kwa 3, kwenye pembe na chini ya sakafu ya juu. Jihadharini na kubandika karatasi mbili za stireni uso kwa uso kwa gundi inayoyeyusha plastiki. Mvuke wa gundi hunaswa katikati, hutoka polepole, na ukuta ulionyooka leo utakuwa umepinda baada ya wiki kadhaa. Toboa matundu mengi kwenye karatasi ya ndani ili mvuke upate njia. Wanaotumia mbao wana tatizo jirani na hilo: rangi ya maji ikipakwa upande mmoja tu, ubao hujikunja. Pakeni praima pande zote mbili siku hiyohiyo.

Mnara ndio unaowashinda wengi, ingawa ni hesabu ya darasani. Chukua mnara wa mita 3 kutoka ubavu hadi ubavu unaotazamana nao: milimita 34.5. Gawanya kwa 2.414, upate upana wa kila ubavu, milimita 14.3. Kila ukingo unasagwa kwa nyuzi 22.5 ili mbavu mbili zikikutana zitoe pembe ya ndani ya nyuzi 135. Ndani yake zikae sahani tatu za pembe nane za kubandikia. Hapa unene unaumbua tena. Ukikata sahani kwa milimita 34.5, halafu ukabandika nje yake mbavu zenye unene wa milimita 1, mnara umekuwa milimita 36.5, na kila ubavu sasa ulipaswa kuwa na upana wa 15.1. Utabaki na mwanya wa milimita 0.8 kwenye kila kiungo, mianya minane, na hakuna kijazio kitakachokuokoa bila kufuta mistari ya mbao. Sahani zikatwe kwa 32.5.

Paa la mnara ni pembetatu nane. Tuseme linatokeza kidogo, ubavu hadi ubavu milimita 40, na kimo cha kusimama milimita 45. Kitako cha kila pembetatu ni 16.6. Urefu wake si 45, maana inalala. Ni kipeuo cha pili cha 45 mara 45 ukijumlisha 20 mara 20, yaani 49.2. Anayekata kwa 45 anapata paa lenye kimo cha milimita 40, na mnara unaonekana umevaa kofia ya kuazima.

Paa kubwa tunalipa mwinamo wa nyuzi 45. Nusu ya upana ni 46, ukizidisha kwa 1.414 ni 65, na ukiongeza milimita 5 za kutokeza ukutani, ambazo kwenye mwinamo zinakuwa 7, kila upande unahitaji milimita 72. Tumia karatasi ya nusu milimita iliyobebwa na kenchi kila baada ya milimita 25, na kingo zisagwe kwa msasa upande wa chini hadi ziwe nyembamba kama kadi. Panapokutana paa mbili, msikate kwa kufuata ramani. Kateni kwanza karatasi ya kawaida, ijaribuni juu ya kuta, ipunguzeni hadi ikae, ndipo muihamishe kwenye stireni. Dohani lisiwekwe ndani ya tundu. Lisimamisheni juu ya paa, kitako chake kikatwe kwa nyuzi 45. Tundu huvujisha mwanga usiku.

Barazani, nguzo ya inchi 6 ni milimita 1.75, hiyo si shida. Shida ni vijiti vya uzio. Cha kweli kina inchi 2, milimita 0.6, na vya plastiki ya kumimina mara nyingi huzidi hapo. Shaba iliyochongwa kwa asidi au kadi ngumu iliyokatwa kwa leza huleta wembamba unaotakiwa. Mbao za sakafu ya baraza zitoke ukutani kwenda nje, ili maji ya mvua yafuate mistari yake. Modeli nyingi mno zimezilaza kwa kufuata ukuta. Baraza zima lijengwe na kupakwa rangi peke yake, libandikwe mwisho.

Rangi nayo ni unene. Ncha ya chini ya ubao wa ukuta kwenye HO inatokeza kama milimita 0.15 tu, na kivuli cha hapo ndicho kinachosema “hizi ni mbao”. Rangi nzito ya brashi ikituama kwenye kona hiyo, kivuli kimekwisha. Pulizeni nyembamba, mara mbili au tatu, kabla ya kutia madirisha.

Kuhusu rangi gani, watu hufikiria zile nyumba za Alamo Square, San Francisco, zilizojengwa kati ya 1892 na 1896. Nyumba ni za Kivictoria kweli, lakini mtindo wa kuzipaka rangi kalikali za kuchangamka ulianza miaka ya 1960. Reli yako ikiwa ya 1895, chagua kijani kilichoiva, kahawia nyekundu, manjano ya udongo: chini rangi moja, vigae vya juu nyingine, fremu na nguzo ya tatu. Na msiige jumba la William Carson pale Eureka, California, la 1884 hadi 1886. Carson alikuwa tajiri wa mbao na nyumba ile inajitangaza. Ukiiweka kwenye mji wenye duka moja na tangi la maji, mji wote utaonekana umejengwa kwa ajili yake.

Kioo kiwe plastiki angavu ya robo milimita au chini ya hapo. Kibandikeni kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supagluu hutia ukungu mweupe kwenye plastiki, na ukungu ule hautoki kwa kufuta.

Kuhusu taa: tumetumia muda wote huu kupunguza unene, na ukuta mwembamba wa stireni hupitisha mwanga. Ndani pakeni nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake, na tieni kuta za vyumba ili dirisha moja liwake na jingine libaki giza. LED nyeupe ya joto hula volti 3 hivi. Kwenye umeme wa volti 12, rezista ya omu 1,000 inapitisha miliampia 9, mwanga mkali mno kwa nyumba ya taa za mafuta. Wekeni omu 4,700, zipite miliampia 2.

Kwenye mandhari, msiiweke nyumba juu ya udongo. Chimbeni shimo la milimita 3, refusheni msingi kwa kiasi hicho, uzameni humo, kisha udongo na majani yapandishwe hadi ukutani. Msiigundishe. Waya za taa zipite chini kwa plagi ndogo ya pini mbili, maana LED ya chumba cha juu siku moja itazima, na nyumba iliyogundishwa haifunguki bila kuvunja baraza.

Karibuni kwa maswali. Anayetaka kuupima mnara, kaliper ipo hapa mezani.