PET-CT kwa Mtoto Mwenye Saratani: Jibu Litabadilisha Nini?

Wazazi, wauguzi na ndugu zangu mliofika, asanteni.

PET-CT ni vipimo viwili vya picha vilivyounganishwa. CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, huonyesha umbo: uvimbe uko wapi, una ukubwa gani. PET huonyesha kama uvimbe huo bado una uhai. Mtoto hudungwa glukosi, yaani sukari, iliyoambatanishwa na florini-18, ambayo hutoa mionzi. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, kwa hiyo hung'aa pichani. Mashine ya kwanza ya kuunganisha vipimo hivi, kazi ya David Townsend na Ronald Nutt, ilianza kutumika Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998.

Faida yake kubwa kwa watoto naiona kwenye limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu. Baada ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, uvimbe wa kifuani mara nyingi haupotei wote. CT inasema upo, kumbe huenda limebaki kovu tu. Katika utafiti wa Ulaya wa EuroNet-PHL-C1, ulioanza 2007, watoto walipimwa PET baada ya mizunguko 2 ya kemo. Walioitikia dawa vizuri walimaliza kemo bila kupewa tiba ya mionzi. Tafadhali lipimeni hilo. Binti wa miaka 12 akichomwa mionzi kifuani, hatari ya saratani ya matiti na ya maradhi ya moyo humfuata hadi utu uzima. Picha moja inaweza kumwepusha na hayo!

Lakini kipimo chenyewe kina mionzi. Kwa hiyo nashikilia hivi: kama jibu halitabadilisha matibabu, mtoto asipimwe. Muulizeni daktari waziwazi, ni haki yenu. Akipimwa, dozi ya sukari hiyo yenye mionzi ifuate uzito wake.

Kabla ya kipimo afunge kula kwa saa 4 hadi 6. Maji matupu anywe. Asikimbiekimbie, maana misuli nayo huvuta sukari. Na afunikwe blanketi mapema: mtoto akihisi baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni huwaka kutengeneza joto, na pichani yanafanana na tezi zenye ugonjwa. Hata thaimasi, tezi ya kifuani, hukua upya baada ya kemo na kung'aa. Ndiyo maana picha isomwe na mtu aliyezoea watoto.

Akimaliza, anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara. Mionzi ya florini hupungua nusu kila dakika 110, haiishi mara moja, basi mama mjamzito asimpakate siku hiyo.