Taj Mahal na dole gumba lake

Jamani, nikisema Taj Mahal leo siongelei lile jengo la India, naongelea mzee mmoja wa Marekani, mwanamuziki wa bluzi, jina lake la kuzaliwa Henry Saint Clair Fredericks, kazaliwa New York 1942, kakulia Springfield kule Massachusetts. Baba alikuwa mpiga piano wa jazi mwenye asili ya Karibi, mama mwimba gospo. Baba akafa kwa ajali ya trekta mtoto bado mdogo, mama akaolewa tena, na gitaa la baba wa kambo ndo akaanza nalo. Chuo alisomea mifugo, na shambani kakamua ng'ombe kweli kweli, baadaye ndo akaenda Los Angeles kuanzisha bendi ya Rising Sons na mpiga gitaa Ry Cooder.

Sasa nimesikia watu wakisema eti huyu hatulii, leo bluzi, kesho rege, keshokutwa Hawaii. Mimi nakataa kabisa. Hebu angalieni mkono wangu wa kulia hapa kwenye gitaa kavu: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, dum, dum, dum, halisimami, vidole vingine vinadonoa nyuzi nyembamba huku chini, yaani besi, rithim na solo mtu mmoja, halafu juu yake Taj anaimba na lile koo lenye mikwaruzo kama anapiga stori na jirani barazani. Hilo gumba ndo kwao. Popote anapoenda anaenda nalo.

Mwaka 1971 kapanda jukwaani kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, na watu wanne wa tuba, yale matarumbeta makubwa ya sauti nene ya bendi ya polisi, mi nikiwasikia nasikia lile gumba limeota mapafu. Mwaka 1999 katoa albamu na Toumani Diabaté, mpiga kora wa Mali, na kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi, jamani inapigwa kwa vidole vinne tu, viwili vya shahada na magumba mawili, na besi ni kazi ya magumba! Hapo hakwenda ugenini, alikwenda kwa ndugu. Halafu 2005 ikatoka albamu ya Mkutano, yeye na Culture Musical Club, kikundi cha taarab, wale wale wa Vuga, Unguja, bluzi imekaa pamoja na kanuni na fidla zetu, mi siku ya kwanza nimeirudia mpaka usiku.

Ngoja nikaze huu uzi wa sita umelegea, nawapigia polepole, nyie angalieni gumba tu.