Makungwi Ndani ya Seli
(Mhadhara uliotolewa Bagamoyo)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Najua jua la Bagamoyo saa tisa hii si la kumsikiliza mtu wa maabara, kwa hiyo naanza na chakula.

Yai likikaangwa, ute wake hugeuka mweupe ukashikana. Ute ule una protini tele. Kila protini ni uzi uliokunjwa ukapata umbo lake; joto likiukunjua, nyuzi hunasana, na mpishi hana namna ya kuzirudisha. Miilini mwetu nako protini hukosea kukunjika kila siku. Hatugandi kwa sababu tuna makungwi.

Mama pale nyuma anacheka! Lakini si kungwi humweka mwali ndani, akamfunda na kumkinga na wasiomfaa mpaka atoke? Seli ina protini za kazi hiyo hiyo. Hushika protini changa na kuzifunika sehemu zake zenye kunata, zisije zikagandana na nyingine. Njia ya kuwajua ilifunguka kwa bahati. Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, alikuwa akichunguza inzi wa matunda, mwenzake akaongeza joto la chombo bila kujua. Jeni fulani zikaamka ghafla. Aliandika habari hiyo 1962; baadaye ikabainika kuwa nyingi katika jeni hizo ndizo zinazotengeneza makungwi.

Protini iliyoshindikana hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha proteasomu, yaani msafishaji wa seli, huikatakata. Ugunduzi huo uliwapa Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobeli ya Kemia, 2004.

Uzeeni makungwi huchelewa kuitika, wasafishaji nao huelemewa. Seli za ngozi hugawanyika, zilizochakaa zikaambuka na taka zake. Seli za neva za ubongo, karibu zote, hazigawanyiki: uliyozaliwa nayo ndiyo unayozeeka nayo, na uchafu wake humo humo. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayofuta kumbukumbu, huganda protini ziitwazo amiloidi na tau. Kwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, huganda protini iitwayo alfa-sinukleini. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, huondoa amiloidi, ila hupunguza kasi ya Alzheimer tu. Mimi siiti hiyo tiba.

Kaka aliyeniletea kikaratasi anauliza kama bibi yake amerogwa, maana anarudia swali lile lile mara tano. Hapana, kaka. Mpeleke akapimwe damu kwanza. Kusahau huweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, na hayo yana dawa.

Haya, nani mwingine?