Kijiji cha matufaha nyuma ya tuta la mto Elbe

ZUHURA: Haya wapendwa wasikilizaji, karibuni tena, mimi Zuhura niko hapa hapa Hamburg na leo niko na kaka yangu Tumaini, ametoka kijijini kwake Jork, kule Altes Land, eneo la mashamba ya matunda kando ya mto Elbe. Kaka karibu sana, manake watu wameuliza mno maisha ya kijijini Ujerumani yakoje, wengine wanajua Ujerumani ni maghorofa na treni tu.

TUMAINI: Asante dada. Jork wala siyo mbali, unapanda feri namba 62 pale kwenye gati la Landungsbrücken mjini Hamburg mpaka Finkenwerder, unamalizia na basi, basi umefika, ila ukishuka unakuta miti tu, matufaha, cheri, mapeasi kidogo, mistari na mistari mpaka macho yanachoka. Lile eneo lote lina kama hekta 10,000 za matunda, na mimi mtu wa Makete, kule Tanzania, nimekulia kwenye baridi na matufaha, siku ya kwanza tu nikasema hapa nitakaa.

ZUHURA: Na kuna hii ya meli, hebu waambie, mimi niliiona nikashtuka.

TUMAINI: Eeh! Ni hivi, kijiji kiko chini, mto uko nyuma ya tuta, yaani ule ukuta wa udongo wa kuzuia maji, maji yakijaa mto unakuwa juu kuliko bustani yako. Sasa umekaa uani unamenya viazi, unaona kontena zinapita juu ya tuta, meli yenyewe huioni, unaona makontena tu yanatembea taratibu kuelekea bandarini Hamburg, yamepangwa juu juu huko, na chini yake kondoo wanakula majani.

ZUHURA: Kondoo wa tuta, nawapenda sana wale.

TUMAINI: Tena wale wako kazini dada. Wanakula majani yanabaki mafupi, mizizi inashika udongo, na kwato zao zinashindilia ardhi isilegee. Lile tuta ndiyo uhai wa kijiji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba ilisukuma maji ya bahari yakapanda na mto, matuta yakapasuka sehemu nyingi, Hamburg peke yake walikufa watu 315, na huku mashambani nako maji yaliingia. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wapo, na upepo wa kaskazini magharibi ukianza kuvuma kwa nguvu unaona wanatoka kwenda kuangalia maji, hakuna aliyewatuma, wanatoka tu.

ZUHURA: Sasa twende na mwaka ulivyo, maana huku mwaka una sura nne kweli kweli. Anza na Januari.

TUMAINI: Januari watu wa mjini hawaji kabisa, na mimi naona wanakosa kitu. Ukungu, tope, jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na wakulima wako shambani wanapogolea miti, mti kwa mti, mkasi mkononi, wanaacha matawi yatakayopata mwanga. Ukitaka kujua tufaha la Septemba litakuwaje angalia mkasi wa Januari. Halafu yale matawi yaliyokatwa yanasubiri Pasaka.

ZUHURA: Moto wa Pasaka.

TUMAINI: Jumamosi ya Pasaka, jioni, rundo kubwa la matawi linawashwa, kijiji kizima kipo, watoto, mbwa, zimamoto wa kujitolea wamesimama pembeni na gari lao. Na kitu nilichokipenda, kabla ya kuwasha wanalihamisha lile rundo upya, tawi kwa tawi, kwa sababu kalunguyeye na sungura wanakuwa wamejificha mle ndani, wasije wakaungua. Kazi ya kuchosha kweli lakini inafanyika.

ZUHURA: Mashallah. Na maua sasa, maana mwisho wa Aprili feri inajaa mpaka huna pa kusimama.

TUMAINI: Maua ni mazuri, cheri nyeupe zinatangulia, halafu matufaha yana upinki kidogo. Lakini dada mimi nataka wasikilizaji wajue kuhusu usiku wa maua, manake watu wanapiga picha mchana wanaondoka, na kazi yenyewe inaanza saa sita, saa saba za usiku. Ua likishafunguka, baridi ikishuka kama nyuzi mbili chini ya sifuri linakufa, na likifa hakuna tunda. Sasa unajua wanafanyaje? Wanamwagia maji.

ZUHURA: Subiri kwanza, baridi ya kugandisha, na wewe unaongeza maji?

TUMAINI: Ndiyo! Vinyunyizio vinawashwa shamba zima, maji yanaganda juu ya ua, na maji yanapoganda yanatoa joto, joto dogo tu, lakini linatosha kulibakisha ua kwenye sifuri hapo hapo, lisiende chini zaidi. Ila huruhusiwi kusimama. Pampu ikizima saa tisa usiku ni balaa, maji yanakauka na upepo yanalipoza ua kuliko hata usingelimwagia, kwa hiyo mkulima halali, anazunguka na tochi anaangalia kichwa kimoja kimoja cha kinyunyizio kama kinazunguka, kilichoganda anakigonga. Mpaka jua litoke na barafu ianze kuanguka yenyewe.

ZUHURA: Na unakiona wapi kile kinachoganda, kwenye ua lenyewe?

TUMAINI: Shika tawi moja asubuhi, utaona ua limefungwa ndani ya barafu safi kama kioo, kila stameni unaihesabu, na ndani humo ua liko hai. Mimi nimetoka Makete, sakitu naijua, imetuulia viazi mara nyingi tu, na sikuwahi kuwaza kwamba maji hayo hayo yanaweza kuwa blanketi. Ndiyo maana mashamba mengi yana bwawa la maji. Na tusisahau walioikausha ile ardhi ya kinamasi karne ya 12 walikuwa Waholanzi, ndio waliochimba ile mifereji, bado mashamba ni membamba marefu vile vile.

ZUHURA: Na zile nyumba zilizoezekwa kwa matete, mbao nyeupe na matofali yamepangwa michoro! Kuna ule mlango wa mbele unaofunguka kwa ndani tu, wenyeji wanasimulia bibi harusi aliingilia hapo na jeneza likatokea hapo.

TUMAINI: Upo, nyumba za zamani nyingi unao.

ZUHURA: Kiangazi je? Mimi Juni mpaka saa nne usiku kuna mwanga, watoto hawalali.

TUMAINI: Kiangazi ni cheri na ndege. Cheri zinafunikwa plastiki juu maana mvua ikizinyeshea zimeiva zinapasuka. Na korongo weupe wako kwenye viota vyao, wale wa njia ya mashariki wakiondoka Agosti wanapita Misri, Sudan, wengine wanafika kwetu Tanzania mpaka Afrika Kusini. Nikiwaona wanazunguka juu kujiandaa, nawaambia kabisa, nisalimieni.

ZUHURA: Jamani!

TUMAINI: Ukweli. Halafu Septemba Oktoba mavuno, trekta na makreti barabarani kutwa, watu wengi wanatoka Poland na Romania kuja kuchuma, na ni kazi ya ufundi ile, tufaha hulivuti, unalinyanyua na kulizungusha kidogo linakubali lenyewe, kikonyo kinabaki. Linaenda chumba cha baridi ambacho oksijeni imeshushwa mpaka kama asilimia moja, mlango unafungwa, binadamu haingii. Ndiyo maana unakula tufaha la Jork mwezi wa tano na bado linalia kwenye meno.

ZUHURA: Na Novemba watoto na taa zao za karatasi, giza saa kumi na moja tayari, wanaimba barabarani na bendi. Na yale majani ya Grünkohl, ndugu wa sukuma wiki wetu, yanachemshwa saa na saa, mie nayakaanga na kitunguu na nazi, jirani yangu Mjerumani sasa anagonga mlango kuulizia.

TUMAINI: Nazi umenifundisha leo, nitajaribu.

ZUHURA: Sasa mtu akitaka kuja, aje lini?

TUMAINI: Maua aje, sikatai, lakini aje na Septemba, au hata Februari avae buti apande juu ya tuta. Na abebe sarafu. Barabarani kuna vibanda havina muuzaji, mifuko imepangwa, bei imeandikwa, unaweka hela kwenye kisanduku unachukua. Wa kula hivi hivi achukue Holsteiner Cox, wa kupika keki achukue Boskoop, ni chachu na haivurugiki ladha kwenye jiko.

ZUHURA: Mimi Jumamosi nakuja.

TUMAINI: Panda feri ya mapema dada, ya saa nne inajaa baiskeli.