Mmeshaamua, Mnaniitia Nini?

Mwenyekiti, waheshimiwa wakurugenzi, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana wa mwaka wa nne mlioletwa kwa basi mje kujaza viti, habari za asubuhi.

Ratiba inasema nizungumzie nafasi ya mhandisi mshauri katika ujenzi wa miundombinu ya taifa. Kazi za mshauri mnazijua: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, nyaraka za zabuni, usimamizi. Sitazisoma. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na ruhusa wanayo ya kwenda kunywa chai. Kilio changu ni kile kile: mshauri tunamwita uamuzi ukishapita, halafu tunashangaa ushauri wake haukusaidia.

Twendeni Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, unashuka Kigogo, na kabla ya kuifikia bahari unajitandaza Jangwani. Unafanya hivyo tangu Barabara ya Morogoro haijafikiriwa. Desemba 2011 mvua ilinyesha, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na wakazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Serikali yenyewe iliwaambia hapa si mahali pa kuishi mtu. Sawasawa kabisa. Kisha humo humo bondeni ikasimama karakana ya mabasi yaendayo haraka.

Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Kilichofuata mnakijua, wengine mlikivuka kwa miguu. Masika yakija, maji yanaingia karakana, mabasi yanaharibika yakiwa yameegeshwa, barabara inafungwa, abiria wa kutoka Kimara anateremshwa Magomeni ajitafutie njia ya Kariakoo. Maji yakipungua yanaacha mchanga. Mchanga unapunguza kina cha mto chini ya daraja, kwa hiyo mvua inayofuata, hata ikiwa ndogo, inafurika upesi zaidi. Tunaleta makatapila, tunachota mchanga, tunapigwa picha. Mwaka wa pili tunaleta makatapila.

Naona mkono pale nyuma. Najua swali lako, nani alisanifu? Sikujii na jina, na jina halitakufaa kitu. Ninachouliza ni hiki: hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa mshauri, zilisemaje? Ukimwambia mshauri "tafuta mahali panapofaa pa karakana", umempa kazi moja. Ukimwambia "sanifu karakana katika kiwanja hiki", umempa kazi nyingine kabisa. Wa kwanza atakuja na ramani ya mafuriko na pengine atakwambia bonde hili tuliache. Wa pili atainua tuta, ataongeza makalavati, atachora mitaro, na kila alichochora kitakuwa sahihi kwenye karatasi. Kiwanja kwake si swali. Kiwanja amepewa.

Sasa angalieni bili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde zima la Msimbazi, na ndani yake limo daraja jipya la Jangwani la mita 390. Mradi ni mzuri na ninauunga mkono, maana safari hii wameanza na mto wenyewe, kutoka juu hadi baharini. Lakini Msimbazi haukubadilika kati ya 2011 na 2022. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni swali.

Basi nasikia minong'ono: "Mhandisi, kumbe mshauri anaandika anachotaka mlipaji." Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hoja hii napigwa nayo kila mahali, hata msibani. Chukueni TAZARA. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walitazama wazo la reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam, wakasema haina faida ya kiuchumi. Mwaka 1966 washauri wa Uingereza na Kanada wakalitazama wazo hilo hilo, wakasema reli inawezekana na italipa. Milima ni ile ile, shaba ni ile ile. Nani alidanganya?

Hakuna aliyedanganya. Katikati ya ripoti hizo mbili, Novemba 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alijitangazia uhuru wao pale Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mzigo wa Zambia ulikuwa ukipita kusini, mlangoni kwa Smith. Ukipiga hesabu kana kwamba mlango wa kusini utabaki wazi, reli mpya ni anasa. Ukiuliza Zambia itasafirishaje shaba mlango ule ukifungwa, unapata jibu jingine. Wachina wakajenga kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, ikakabidhiwa 1976. Ndiyo maana nawaambia wakurugenzi: kabla hujanilipa mimi, mlipe mtu akusaidie kuandika hadidu za rejea. Mnazinakili kutoka mradi wa wilaya jirani! Nimewahi kupokea hadidu za barabara ya tambarare zinazodai nichunguze maporomoko ya mlima. Mlima wenyewe ulikuwa mkoa mwingine.

Na wakati tunaoitwa, je? Bajeti inaisha Juni 30, fedha zisirudi hazina, kwa hiyo mkataba unasainiwa mbio mbio na upimaji unafanyika Agosti na Septemba. Mto umekauka, ng'ombe wanalala humo. Kijana anaandika "korongo dogo", anaweka kalavati la bomba moja. Machi korongo dogo linabeba kalavati pamoja na barabara. Ni sawa na kumpa fundi cherehani akate kitambaa, kisha ndipo umwite akupime.

Nije kwenye udongo, hapa mnivumilie kidogo. Halmashauri moja, siitaji, iliniita kwenye barabara inayokatiza mbuga. Mbuga ya udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, na masika unavimba na kusukuma juu chochote ulichokiweka. Nikaomba mashimo ya uchunguzi kila baada ya umbali fulani, na sampuli zipelekwe maabara. Mkurugenzi akakata zaidi ya nusu. "Mhandisi, tunajenga barabara au tunachimba visima?" Kikao kizima kikacheka, na mimi nilicheka, maana alikuwa mcheshi kweli. Nikaandika barua ya kupinga, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mkandarasi alipofungua tuta akakuta udongo mweusi unaenda chini sana kuliko ilivyodhaniwa. Uondolewe, uletwe kifusi kutoka machimbo ya mbali, kwa malori, kwa bei mpya ambayo haikushindanishwa na mtu, kwa sababu mkandarasi tayari yuko kazini. Fedha iliyookolewa kwenye mashimo ililipa mafuta ya hayo malori kwa siku chache. Na kwenye kikao cha madiwani aliyesimamishwa kueleza kwa nini gharama imepanda ni nani? Mshauri. Barua yangu haikuonekana kwenye faili.

Kuna wenzetu wanakula na wakandarasi. Sibishi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mamlaka ya kumfutia mtu usajili, iyatumie. Lakini tazameni na namna tunavyomtega mtu. Fungueni mchanganuo wa kazi wa mradi wowote wa barabara, kurasa za mwanzo. Gari la mhandisi msimamizi: linaletwa na mkandarasi. Ofisi yake: mkandarasi. Nyumba, umeme, maabara, mafuta: mkandarasi. Ada yake kwa mwenye mradi inachelewa miezi. Asubuhi mhandisi anakataa zege kwa sababu mchemraba wake wa majaribio umepasuka chini ya nguvu inayotakiwa, jioni anamwomba dizeli mtu yule yule aliyemkatalia. Wenye roho ngumu wapo, wanalikataa zege na wanatembea kwa miguu. Mimi sitaki mfumo unaohitaji mashujaa. Wekeni gari la msimamizi kwenye mkataba wa msimamizi, basi. Haigharimu taifa hata senti ya ziada, ni fedha ile ile inabadilisha ukurasa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na suala la kampuni za nje na za ndani. Kwa ufupi: reli ya kisasa, SGR, ya Dar es Salaam kwenda Dodoma ilisimamiwa na washauri kutoka Korea Kusini, na sina ugomvi nao, hatukuwa na reli ya umeme ya kujifunzia. Ninagomba kijana wetu anapowekwa kwenye mradi kama huo kubeba mafaili. Akae kwenye meza ya hesabu.

Rufiji pia nisiiache. Kampuni ya ushauri ya Norconsult ya Norway ilichunguza Korongo la Stiegler, mahali pa bwawa la umeme, tangu miaka ya 1970. Mkataba wa bwawa ukasainiwa Desemba 2018, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024, na uwezo wa bwawa zima ni megawati 2,115. Makaratasi ya ushauri yalisubiri fedha karibu miaka 40. Kwetu kwa kawaida fedha ndiyo inayosubiri makaratasi, halafu makaratasi yanaandikwa usiku. Ningependa kila halmashauri iwe na kabati la miradi iliyosanifiwa ikisubiri fedha. Usimamizi wa bwawa hilo ulikuwa wa TECU, kitengo cha ushauri cha TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Ni wenzetu na wamefanya kazi. Bado nauliza, serikali ikiwa mwenye mradi na pia msimamizi, nani anamwandikia nani barua ya kupinga? Hilo peke yake ni mhadhara mzima, tuliache.

Majengo nilitaka niyape nafasi. Machi 29, 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 2024 Kariakoo tena. Huko kuna wenye majengo wanaonunua mhuri wa mhandisi bila kumnunua mhandisi. Vijana, mhuri wako usiuazime, hata kwa mjomba.

Matengenezo nimeyaruka, na kurasa tatu nyingine hizi hapa nazikunja. Mwenyekiti amesimama kabisa sasa. Karibuni na maswali, na naomba tuanze na mzee wa safu ya pili aliyenikunjia uso nilipotaja dizeli.