Sifa ya Kulipiwa Ijitambulishe: Mhadhara kwa Warina Asali na Wauzaji, Tabora

Mwangaluka wote. Mwenyekiti amenisifia dakika nzima, na hakuwaambia kwamba mimi ni shemeji yake. Mada yetu ndiyo hiyo.

Habari za mizinga sitazigusa. Kumfundisha mtu wa Sikonge mzinga ni kujichosha. Naanzia pale asali inapotoka kwenye ndoo na kuingia kwenye simu.

Saa tatu usiku, grupu la WhatsApp limetulia. Mtu anaandika: "Jamani, wapi nitapata asali ya nyuki wadogo isiyochakachuliwa? Mama anaumwa kifua." Mnaona alivyomwingiza mama? Hujamaliza kuandika pole, mmoja keshajibu: nenda kwa fulani. Wa pili: huyo huyo, mimi mteja wake wa siku nyingi. Wa tatu ana picha ya ndoo na namba ya simu tayari. Hakuna aliyeuliza hali ya mgonjwa, hakuna aliyetaja duka jingine. Tabora hii! Mji ambao ukiuliza njia ya kwenda Isevya watu wawili watabishana mbele yako, leo watatu wamekubaliana muuza asali mmoja. Ukifuatilia, muulizaji ni mdogo wake muuzaji, na waliojibu ni laini zake mwenyewe na ya kijana wa dukani.

Najua wengine mmechoka kunisikia na kisa hiki. Vumilieni, maana bado watu wanadhani ubaya wake ni uongo juu ya asali. Asali yenyewe inaweza kuwa nzuri kabisa! Uongo uko kwa msemaji. Nikimsikia mteja anasifia, najiambia huyu hapati kitu, ngoja nimsikilize. Muuzaji anayejifanya mteja ameniibia imani hiyo, na hakuniibia mimi peke yangu. Yule mama wa Uyui mwenye asali safi, akisifiwa na mnunuzi wa kweli, kesho wote wawili wanaambiwa, "Hao wamepangana."

Na msiniletee habari za kuchovya kiberiti kwenye asali na kukiwasha, au kuidondosha kwenye glasi ya maji, eti kujua kama ni halisi. Vipimo hivyo havithibitishi kitu: asali halisi yenye majimaji inaweza kushindwa, na sharubati nzito ya sukari ikafaulu. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam hana pa kushika ila neno la aliyenunua kabla yake. Ndiyo maana nakuwa mkali.

Mtu ataniambia: Mwalimu, biashara ni matangazo. Nani kakataza? Tangaza mpaka simu ichemke, lakini kwa jina lako. Mwingine atasema hizi ni njaa za wafanyabiashara wadogo. Njaa gani? Sunday Riley ni kampuni ya vipodozi ya Marekani. Mwaka 2019 mamlaka ya huko ya kulinda walaji, FTC, ilieleza kwamba wafanyakazi waliagizwa kila mmoja afungue akaunti tatu za watu tofauti kwenye tovuti ya duka la Sephora, wasifie bidhaa za kampuni yao, na wayabonyezee maoni mabaya alama ya kutoyapenda. Wakaelekezwa hata namna ya kuficha mtandao wao wasigundulike. Tena wakamaliza kwa makubaliano, bila faini! Mwaka 2024 ndipo Marekani ikaweka kanuni ya kukataza waziwazi maoni ya wateja ya kughushi, na faini juu. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Haisemi ukipotosha kwa WhatsApp umesamehewa.

Sasa nyinyi maadmini, mnaojificha nyuma ya "mimi nilifungua grupu tu." Mwaka 2022 Amazon iliwashtaki waendeshaji wa makundi zaidi ya 10,000 ya Facebook yaliyokuwa yakipanga sifa za kununuliwa. Waendeshaji, sikusema waandishi. Mtu akisifia duka, muulize mbele ya wote: unauza, una undugu, au umepewa ndoo ya bure? Akijibu ukweli, abaki na sifa yake. Akikwepa, futa, hata kama ni mkwe wako. Na admini ambaye ni muuzaji asiguse lalamiko linalohusu duka lake. Mteja kasema asali imechacha, wewe unafuta na kumtoa kwenye grupu? Mkabidhi mwenzako asiyeuza, aamue yeye.

Nilikuwa na la watu maarufu wanaolipwa kusifia, na la asali kugeuzwa dawa ya kila ugonjwa, ila naonyeshwa saa. Mama wa pale nyuma, mkono wako nauona tangu niliposema kiberiti. Haya, bishana.